Timu Iliyoihama Manchester

Msomaji, huenda hujapata kuona hoki ichezwayo juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vyembamba nyayoni, wakateleza kwa kasi huku wakikigombea kwa magongo kisahani cha mpira mgumu. Huko Marekani na Kanada kila timu kubwa ina timu yake ndogo, ambamo vijana hufunzwa kama wanagenzi kwa fundi wao. Mchezaji mkubwa akiumia leo, kijana huitwa kesho akashike nafasi yake.

Fikiri basi habari za mji wa Manchester. Si ule wa Uingereza, bali wa jimbo la New Hampshire, mashariki ya Marekani. Mji huu ulikuwa umekwisha kuonja kuachwa: viwanda vikubwa vya nguo vya Amoskeag, vilivyowalisha watu wake miaka mingi, vilifungwa katika miaka ya 1930. Mwaka 2001 ulifunguliwa ukumbi mpya wa michezo, na timu ya Monarchs ikaanza kucheza humo katika ligi iitwayo American Hockey League. Watu wakaipenda, wakaiita yao. Lakini mwenyewe alikuwa Los Angeles Kings, timu kubwa iliyo upande wa pili wa nchi, mwendo wa zaidi ya kilometa 4,000. Kijana aliyeitwa ilimpasa kuvuka bara zima kwa ndege, na walimu wa timu kubwa hawakuweza kumtazama kila walipotaka.

Januari 2015 ikatangazwa kwamba timu tano za ligi hiyo zitahamia California. Worcester ikapoteza yake, na Norfolk pia. Monarchs ikapangiwa Ontario, mji ulio kilometa 60 hivi kutoka Los Angeles. Msimu ulikuwa katikati, nao vijana wakaendelea kucheza mbele ya watu waliojua kuwa wanawaaga. Je, wewe ungekwenda kushangilia? Mwezi wa Juni timu ile ile ikatwaa Kombe la Calder, kombe kuu la ligi, kwa mara ya kwanza. Kisha ikaondoka.

Siwalaumu sana wenye timu, maana mali ilikuwa yao na sababu yao ilikuwa na maana. Ila ukumbi haufungiki virago, na mji ulibaki nao. Ikaletwa timu ya daraja la chini zaidi, iliyokuwa ikicheza huko huko Ontario, ikapewa lile jina la Monarchs. Jina lilikuwa lile lile; mchezo haukuwa ule ule. Mwaka 2019 timu hiyo nayo ilikosa mnunuzi, ikavunjwa.