Mkalimani Katika Ukumbi wa Mihadhara: Historia ya Ukalimani wa Lugha ya Alama Chuo Kikuu

Neno mkalimani lina asili katika mzizi wa Kiarabu unaohusu usemi. Leo linabebeshwa kazi ambayo upande wake mmoja hauna sauti kabisa. Watanzania husema lugha ya alama, Wakenya lugha ya ishara. Tofauti hiyo haina uzito. Lenye uzito ni kwamba sisi wanaisimu wa Kiswahili tumezoea kuuzungumzia ukalimani kana kwamba ni kazi ya masikio na vinywa tu.

Ukalimani wa chuo kikuu haukuzaliwa katika chuo cha viziwi. Huko Gallaudet, chuo cha Washington kilichopewa mamlaka ya kutoa shahada mwaka 1864, mategemeo ni kwamba mhadhiri mwenyewe atafundisha kwa alama. Mkalimani huhitajika pale kiziwi anapoingia darasa la wanaosikia. Hatua hiyo ilichelewa, kwani mkutano wa Milano wa 1880 ulitanguliza matamshi ya mdomo na kuzisukuma alama nje ya madarasa ya nchi nyingi. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza hapo Gallaudet, alionyesha kuwa alama huchanganulika katika umbo la mkono, mahali na mwendo, sawa na neno linavyochanganulika katika fonimu. Miaka minne baadaye, mkutano uliofanyika Muncie, Indiana, ulizaa chama cha kusajili wakalimani. Mwaka 1968 taasisi ya kitaifa ya ufundi kwa viziwi ilipokea wanafunzi wake wa kwanza Rochester, ndani ya chuo cha wanaosikia. Sheria ya 1973 ilikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu wenye ulemavu. Mfuatano huu si wa bahati: uchambuzi wa kiisimu ulitangulia taaluma, na taaluma ikatangulia sheria.

Afrika Mashariki haikufuata njia moja. Katiba ya Uganda ya 1995 iliagiza kukuzwa kwa lugha ya alama. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na mradi wa utafiti tangu 1991, na Katiba ya Kenya ya 2010 ikaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania ilipata kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania mwaka 2004, chini ya uhariri wa Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata hivyo, msamiati wa maisha ya kila siku haumfikishi mkalimani mbali katika muhadhara wa mofolojia.

Tuchukue neno alimpigia. Mhadhiri analiandika ubaoni ili aonyeshe mofimu sita. Mkalimani akitoa maana yake, tendo litaonekana likielekea kwa mtendewa, kwa kuwa lugha nyingi za alama huonyesha mtenda na mtendewa kwa mwelekeo wa mkono angani. Maana imefika, lakini mfano umepotea: -m- na -i- zimeyeyuka katika mwendo mmoja. Hana budi kulitahajia neno kwa vidole, kulikata vipande, kisha kurudi kwenye maana, huku mhadhiri ameshahamia kauli ya kutendesha. Katika kozi nyingine muhadhara ni wa Kiingereza, ilhali midomo ya mwanafunzi na mkalimani huenda inafuata Kiswahili. Hapo lugha ni tatu. (Wanaoshangaa kwa nini wakalimani hupokezana kila baada ya dakika ishirini hivi wajaribu wenyewe.)

Kwa istilahi kama mofimu, mkalimani na mwanafunzi hukubaliana alama ya muda kabla ya kipindi. Mwenye haki ya kuiidhinisha ni nani? Kwa maoni yangu ni jamii ya viziwi. Mkalimani anayesikia huelekea kuijenga alama juu ya herufi ya kwanza ya neno, na hivyo kuiweka chini ya tahajia ya lugha nyingine. Kiziwi aliyeielewa dhana ataitafutia umbo. Tangu 1967 istilahi za Kiswahili zimekuwa na BAKITA, na makosa yake tunayajadili katika majarida. Alama iliyobuniwa saa tatu asubuhi mlangoni mwa ukumbi haina mahali pa kuandikwa. Mwanafunzi akihitimu, huondoka nayo, na anayefuata huanza na mkalimani mwingine kutahajia m-o-f-i-m-u.