Lugalo na Kalenga



Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Iringa, mashujaa wa Mtwa Mkwawa waliwavizia Wajerumani wakiwa safarini. Kamanda wao, Zelewski, akauawa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani, waliokuja na mizinga, waliiteka ngome ya Kalenga.

Tusikilize tunavyosimulia: Lugalo “tulishinda”, Kalenga “ilianguka”, kana kwamba hapakuwa na mkono wa mtu. Mwanafunzi naye husema “nimefaulu”, ila “wamenifelisha”. Mkulima wa Mbeya “amevuna”, ila mahindi “yamekataa”.

Mema twayaita kazi yetu, mabaya twayaita bahati. Lakini Lugalo hakukukosa bahati, wala Kalenga hakukukosa maamuzi ya watu. Tukivuna, tuikumbuke mvua. Tukikosa, tulitazame na jembe letu.