Mabano Yanayojipima

Hapa Lurambi, Kakamega, nawachapia wanafunzi tasnifu za hesabu. Kuna mteja alirudi amefura: msimamizi wake amesema fomula imekosewa. Kuangalia, mabano niliyoweka yalikuwa mafupi kuliko sehemu iliyo ndani. Kipeo cha 2 kilisomeka kama cha nambari ya juu pekee.

Hiyo aibu ndiyo ilinifanya nifuatilie mabano yametoka wapi.

Enzi za herufi za risasi, fomula zilipangwa na mafundi kwa mkono, na bano refu liliweza kuungwa vipande. Baadaye mitambo ya picha ikachukua kazi. Mwaka wa 1977, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliletewa prufu za toleo jipya la kitabu chake, akachukizwa na sura yake. Akaamua kuunda programu yake mwenyewe, TeX. Alidhani ni kazi fupi. Ilimla miaka kama kumi.

Ndani yake kuna amri mbili, \left na \right. Ukizitumia, TeX inapima kwanza kilicho ndani, kisha inatafuta bano linalotosha. Likikosekana, inaunga vipande, kama wale mafundi. Ukifungua bila kufunga, inalalamika. Hutaki bano la pili? Weka nukta, \right., yaani bano lisiloonekana.

Basi nikaongeza amri hizo mbili, nikachapa upya bila malipo. Hesabu ya mteja ilikuwa sawa tangu mwanzo. Aliyekosea ni mimi.