Wito wa Hatari Majini: Simu ya Upepo na Vyombo Vidogo vya Ziwa Kivu

Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 2024, bato lililoitwa Merdi, lililokuwa limetoka Minova, lilizama mita mia chache tu kabla ya kufika bandari ya Kituku, mjini Goma. Watu waliokuwa ufukoni waliliona likiinama na kupinduka. Wengi wa abiria wake wasingalipanda chombo hicho katika nyakati za amani, kwa kuwa kutoka Minova hadi Goma kuna barabara. Lakini barabara hiyo ilikuwa imekatwa na vita tangu mapema mwaka huo, na ziwa likabaki kuwa njia pekee. Gavana wa Kivu Kusini alitaja siku ileile vifo 78, ilhali maiti zilizopatikana zilikuwa chache kuliko hizo. Hesabu ya abiria yenyewe ilibishaniwa, kama inavyotokea kila mara ambapo orodha ya majina haifanani na umati uliopanda.

Ajali hiyo inafaa kutangulizwa katika habari za simu ya upepo kwa sababu inakataa jibu jepesi. Merdi haikuhitaji redio ili ionekane. Ilionekana. Tofauti kabisa ni ajali ya Aprili 2019, wakati chombo kingine kilipozama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi akataja watu wapatao 150 waliokuwa hawajulikani walipo. Baada ya msiba huo serikali iliamuru kila abiria wa Ziwa Kivu avae koti la kuokolea. Amri ilikuwa njema. Hata hivyo, koti humfanya mtu aelee. Halimwambii mtu mwingine yeyote kwamba fulani anaelea, wala mahali alipo.

Historia ya wito wa hatari kwa njia ya hewa si ndefu. Mwaka 1899 meli ya taa ya East Goodwin, katika pwani ya Uingereza, iligongwa na meli nyingine ikaomba msaada kwa mtambo wa Marconi. Mkutano wa Berlin wa mwaka 1906 uliidhinisha alama ya SOS, ambayo haikuwa kifupisho cha maneno yoyote bali mfuatano wa milio ulio rahisi kutambulika. Kisha ikaja Titanic, Aprili 1912. Watu hukumbuka milima ya barafu na muziki. Mwanahistoria wa mawasiliano hukumbuka zaidi chumba kimoja cha meli ya Californian, iliyokuwa karibu, ambamo mpokeaji wa simu alikuwa amezima mtambo wake na kwenda kulala. Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, ilisikia, na ndiyo iliyowachukua manusura wapatao 700. Ndiyo maana mapatano ya usalama wa baharini ya mwaka 1914 yalishughulikia kusikiliza kama yalivyoshughulikia kupiga: yalitaka zamu ya masikio, usiku na mchana.

Sauti ya binadamu ilipochukua nafasi ya milio, lilihitajika neno. Mwaka 1923 Frederick Mockford, mtumishi wa redio katika kiwanja cha ndege cha Croydon, karibu na London, alipendekeza neno «mayday», kwa kuwa safari nyingi zilikuwa kati ya Croydon na Le Bourget, na neno hilo linasikika kama Kifaransa cha «nisaidieni». Mkutano wa Washington wa mwaka 1927 ulilikubali kwa mataifa yote. Huku Bukavu, mwanafunzi yeyote aliyekalia benchi la shule hulielewa mara moja, ingawa limefika likiwa limevaa tahajia ya Kiingereza. Ni nadra neno la kigeni kumfikia Mkongo likiwa limekwisha kufasiriwa.

Tatizo ni kwamba sheria hizo zote ziliandikwa kwa ajili ya meli kubwa za baharini. Utaratibu wa dunia ulioanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999 unazilazimisha meli za abiria zinazokwenda nchi za nje, na meli za mizigo za tani 300 na zaidi. Pirogi ya Idjwi iliyopakia mihogo na mbuzi haimo. Redio ndogo ya mkononi ya baharini, isiyoingia maji, ambayo bei yake ni takriban dola 100 hadi 250, ilitengenezwa kwa ajili ya vyombo vidogo. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya vyombo vidogo vya watu wenye uwezo.

Kivu haikuwa ngeni kwa sauti ya hewani. Zama za Zaire, simu ya serikali ilipozorota, parokia, hospitali na wafanyabiashara walikuwa na fonie zao, na walisikilizana kwa saa maalumu kati ya Bukavu na vijiji vya ndani. Fonie ilikuwa mtambo wa nyumbani, wenye betri ya gari na waya mrefu juu ya paa, haikuingia mtumbwini. Redio ya mkononi ilienea baada ya Julai 1994, wakati wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika Goma na Bukavu kwa mamia ya maelfu, na mashirika ya misaada yakafika na magari yenye antena. Wenyeji waliiita motorola, kwa jina la kiwanda, hata ilipotoka kiwanda kingine. Tangu vita vya 1996 motorola ilionekana pia kiunoni mwa maaskari wa kila upande. Hivyo kifaa hicho kikapata sifa mbaya: raia anayekutwa nacho huulizwa kinamtumikia nani. Masafa ya redio, kisheria, hugawanywa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Lakini mvuvi haogopi faini sana kama anavyoogopa kuitwa mpelelezi.

Simu ya mkononi, iliyoenea Bukavu tangu miaka ya 2000, imejaza sehemu ya pengo hilo. Lakini simu huhitaji namba, nayo humfikia mtu mmoja, ambaye labda yuko Kadutu kitandani. Redio ya baharini, katika chaneli ya 16, yaani masafa ya megahezi 156.8, humfikia kila aliye karibu, awe anajulikana au hajulikani. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na ni ya kimsingi kuliko ile ya bei.

Karibu maana yake nini? Mawimbi hayo husafiri takriban kwa mstari ulionyooka. Watu wawili walioketi katika mitumbwi, kila antena ikiwa mita moja na nusu juu ya maji, husikilizana kwa kiasi cha kilometa 10 hivi, si zaidi. Ziwa lina urefu wa kilometa 90 hivi, na Idjwi imelala katikati kama ukuta. Lakini milima hiyohiyo inayoziba inaweza kusaidia: antena iliyopandishwa mita 500 juu ya ziwa huona, kwa hesabu, karibu kilometa 97 za maji, mahali pasipozibwa na rasi wala kisiwa. Tena maji ya juu ya Kivu yana joto la nyuzi 24 hivi, si barafu ya Titanic. Aliyeshika ubao anaweza kuishi kwa saa kadhaa. Saa hizo ndizo zinazopotea bure.

Ni nani basi wa kusikiliza? Tangu Januari 2025 kwa Goma, na Februari kwa Bukavu, miji hiyo iliingia mikononi mwa M23, na swali la mwenye mamlaka juu ya ziwa likawa gumu zaidi kuliko lilivyokuwa. Lakini kila usiku wa uvuvi kuna watu walio macho: wavuvi wa sambaza, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, ambao hufunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kuwasha taa hadi alfajiri. Ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria huko Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, nao hawakuitwa na mtu, waliona. Taa za wavuvi wa Kivu, nyingi zikiwa sasa za betri, zinachajiwa mchana. Betri ya redio ingechajiwa pamoja nazo.

Linabaki suala la lugha. Redio za kisasa zina kitufe chekundu kinachotuma namba ya chombo, na namba za vyombo vya Kongo huanza na 676; lakini namba hiyo hudai usajili, na pirogi haisajiliwi. Atakayezama atasema kwa mdomo wake, na kwa Kiswahili cha Bukavu: «Mutusaidie, tunazama.» Anayesikia atataka kwanza kujua wapi, na jibu litakuwa jina la rasi au la kijiji, ambalo mara nyingi watu wa Idjwi hulitaja kwa namna moja na watu wa Kalehe kwa namna nyingine.