Samadi, Kupe na Kibanja: Historia ya Tiba ya Mifugo Bukoba na Muleba

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, ng'ombe alithaminiwa kwa samadi yake kabla ya maziwa na nyama, na historia ya tiba ya mifugo huko haieleweki bila jambo hilo. Mvua za mwambao huu wa Ziwa Victoria, ambazo sehemu nyingine hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, huisukuma rutuba chini ya mizizi, kiasi kwamba rweya, yaani nyika ya majani iliyo nje ya makazi, hutoa mavuno haba, ilhali kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, lilistawi vizazi kwa vizazi kwa sababu ng'ombe walichungwa rweyani mchana, wakalazwa nyumbani usiku, na samadi yao ikawekwa migombani.

Mzunguko huo ulikatwa na sotoka, maradhi ya virusi yaliyoingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 na kuteketeza mifugo ya Maziwa Makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati ambapo Wajerumani ndio kwanza walikuwa wameweka kituo chao Bukoba. Chanjo madhubuti, iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, ilipatikana takriban miaka 70 baadaye.

Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, lakini ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni, imebaki. Bwana mifugo anapoitwa huanza kupapasa tezi iliyo chini ya sikio, ambayo huvimba mapema, kisha hupima homa. Akichelewa, mapafu ya ng'ombe hujaa maji, povu hutoka puani, na dawa haisaidii tena.

Kinga kuu ilikuwa josho, yaani birika refu la maji yenye dawa ambamo ng'ombe waliogeshwa. Serikali ilipopunguza ruzuku kuanzia miaka ya 1980, majosho mengi yalikauka, na mfugaji akatakiwa kulipia dawa mwenyewe, hata pale bei ya kahawa ilipoanguka. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliratibu taaluma ya tiba ya mifugo. Haikumpa mkulima fedha ya kumwita mtaalamu.

Balaa ni kwamba miaka hiyohiyo ya kupungua kwa ruzuku mradi wa maendeleo ya mifugo Kagera, uliosaidiwa na Uholanzi, ulikuwa ukigawa mitamba chotara kwa mtindo wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Mtamba huyo alileta maziwa na kurudisha samadi kibanjani, lakini damu yake ya kigeni ilimfanya adhurike kwa ndigana kuliko ng'ombe wa asili. Mnyauko wa migomba ulipogunduliwa Muleba mwaka 2006, kaya iliyokwisha kupoteza ng'ombe ilikuwa na kimbilio moja pungufu.

Chanjo ya ndigana ipo, nayo pia ina asili yake Muguga. Ni vimelea hai, vinavyohifadhiwa katika naitrojeni ya maji na kuchomwa pamoja na kiuavijasumu. Mrija mmoja wa chanjo hiyo umezoeleka kuwa na dozi za ng'ombe wapatao 40, nayo ikishayeyushwa haina budi kumalizwa ndani ya saa chache. Mwenye ng'ombe mmoja au wawili, kwa hiyo, hachanji mpaka majirani zake wakubali kuchanja siku ileile.