Komeo Liko Upande wa Pili

Usiku wa kwanza katika ngome ya Udolpho, Emily St. Aubert anagundua kuwa chumba alichopewa kina mlango wa pili, unaotokea kwenye ngazi nyembamba zenye giza. Anatafuta komeo aufunge. Hakuna. Makomeo yapo mawili, ila yamepigwa kwa nje, upande wa ngazini. Anausogezea kiti kizito, kisha anajilaza huku roho ikimdunda. Asubuhi anakuta mlango umekomewa. Kuna mtu alipita hapo usiku.

Hapo hapana mzimu, wala damu, wala mifupa. Kuna seremala aliyeambiwa komeo likae wapi, na mwenye nyumba aliyemwagiza.

Riwaya hiyo, The Mysteries of Udolpho, ilitoka London mwaka 1794 ikiwa na majuzuu manne. Mwandishi wake, Ann Radcliffe, mke wa mhariri wa gazeti, alilipwa pauni 500, na miaka mitatu baadaye The Italian ikamletea pauni 800. Milima ya Italia aliyoieleza kwa madaha hakuwahi kuiona kwa macho yake. Aliijua kwa kusoma masimulizi ya wasafiri na kutazama picha. Jambo moja tu hakuhitaji kulisafiria, nalo ni hali ya mwanamke aliye chini ya paa la mwanamume mwenye funguo zote.

Aina hii ya riwaya, inayoitwa ya kigothi, ilikuwa na umri sawa na Radcliffe mwenyewe. Alizaliwa Julai 1764. Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo kikatoka kitabu kidogo kiitwacho The Castle of Otranto, nakala 500. Ukurasa wa kichwa cha kitabu ulidai ni tafsiri ya kisa cha Kiitaliano, na dibaji ikaongeza kuwa kitabu cha asili kilichapwa Naples mwaka 1529 na kuonekana katika maktaba ya familia ya kale ya Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza. Yote yalikuwa uzushi. Mwandishi alikuwa Horace Walpole, mbunge na mtoto wa waziri mkuu wa zamani, aliyekuwa amekigeuza kijumba chake cha Strawberry Hill, kando ya mto Thames, kuwa kasri bandia la enzi za kati, nakshi nyingine zikiwa za karatasi iliyopondwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliota yuko katika kasri la kale, akaona mkono mkubwa wenye gamba la chuma umeshika ukingo wa ngazi, na jioni yake akaanza kuandika.

Otranto ina kofia ya chuma kubwa kupita kiasi inayoanguka na kumponda bwana harusi, na picha ya babu inayoshuka ukutani. Msomaji wa leo atacheka. Lakini kinachoisukuma hadithi ni kesi ya urithi. Manfred anatawala kasri ambalo babu yake alilipata kwa kumpa sumu mmiliki halali. Mwanawe akishakufa, anataka kumwacha mkewe Hippolita na kumwoa Isabella, aliyekuwa mchumba wa marehemu, ili apate mrithi mwingine na mali isimponyoke. Isabella anakimbilia handakini gizani, na taa yake inazimwa na upepo. Inafurahisha kidogo kwamba hadithi ya mtu aliyeghushi haki ya kumiliki nyumba iliingia sokoni na dibaji ya kughushi.

Mwaka 1765, Walpole alipojitokeza kukiri kuwa kitabu ni chake, mwanasheria William Blackstone naye alitoa juzuu la kwanza la ufafanuzi wake wa sheria za Uingereza. Humo alieleza bila kuficha kwamba mume na mke ni mtu mmoja mbele ya sheria, na uwepo wa mke kisheria husimama muda wote wa ndoa. Fedha na vitu vya mwanamke viliingia mikononi mwa mumewe siku ya ndoa, na mashamba ya mke yakawa chini ya usimamizi wa mume. Familia zenye uwezo zilikwepa kwa kuandikishiana hati maalumu kabla ya harusi. Wengine walitegemea bahati.

Ukirudi Udolpho baada ya kusoma Blackstone, kitabu kinabadilika sura. Montoni, mwenye ngome, si jini. Ni mume mwenye madeni. Amemwoa shangazi yake Emily akidhani ni tajiri kuliko alivyo, na sasa anamtaka atie saini kumkabidhi mashamba yake ya Ufaransa. Shangazi anakataa, anafungiwa mnarani, anaugua, anakufa. Mashamba yanamwangukia Emily, na baadaye karatasi kama ile inawekwa mbele yake. Kurasa nyingi zinazosemekana ni za mizuka kwa kweli ni za saini.

Mizuka yenyewe Radcliffe aliifukuza mmoja baada ya mwingine. Kila mlio, kila mwanga, kila wimbo wa usiku wa manane unakuja kupata maelezo ya kawaida. Maarufu zaidi ni pazia jeusi: Emily analifunua, anaona kitu, anazimia, na msomaji anasubiri karibu hadi mwisho wa kitabu ndipo aambiwe ilikuwa sanamu ya nta, yenye sura ya maiti iliyooza. Wahakiki wa zama zake walinung'unika kwamba wamepunjwa. Msomaji wa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar iliyotoka mwaka 1960, atautambua mwendo huo: maiti inaonekana penye mzimu, watu wanatetemeka, na mpelelezi Bwana Msa anakwenda polepole kuutafuta mkono wa binadamu.

Kwa nini basi hofu haiondoki pamoja na mizuka? Kwa sababu maelezo yanafuta kilichokuwa kinapunguza uzito. Maadamu msomaji anashuku roho za wafu, anaweza kujifariji kwamba hayo ni mambo ya vitabuni. Roho zikishaondoka anabaki Montoni, na akina Montoni walikuwa wakipita barabarani.

Mshindani wa Radcliffe, Matthew Lewis, alichukua njia ya kinyume. The Monk ya mwaka 1796, aliyoiandika akiwa hajafika umri wa miaka 21, inaleta mashetani waziwazi, na kashfa yake iliiuza vizuri. Hata hivyo Shetani anapotokea mwishoni anakaribia kuchekesha. Asiyesahaulika ni Agnes, mtawa mjamzito ambaye mkuu wa nyumba ya watawa anamzika hai katika vyumba vya chini ya ardhi, akabaki na kichanga chake kilichokufa. Mkuu huyo hakuhitaji mapembe.

Mary Wollstonecraft aliliona hilo mapema kuliko wahakiki wengi. Riwaya yake ambayo hakuimaliza, iliyotolewa mwaka 1798 baada ya kifo chake, inamweka mwanamke katika nyumba ya wendawazimu, ingawa akili yake ni timamu, kwa sababu mumewe anataka mali yake. Na mwanzoni kabisa anayadharau makasri ya kubuni mbele ya jengo hilo. Binti aliyemwacha akiwa na siku chache tu ndiye aliyekuja kuandika Frankenstein.

Jane Austen naye anasomwa kama aliyeizika aina hii kwa kicheko. Katika Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, Catherine Morland, aliyelewa riwaya za Radcliffe, anashuku kwamba Jenerali Tilney alimwua mkewe. Anafungua kabati la kale usiku akitetemeka na kukuta orodha za nguo za dobi. Anaaibika, na msomaji anacheka. Lakini wengi wanasahau kinachofuata: Jenerali anapata habari kuwa msichana hana fedha alizomdhania, na anamtimua asubuhi na mapema, asafiri peke yake maili 70, bila hata kujali kama ana nauli. Catherine alikosea kosa la jinai tu. Tabia ya mtu alikuwa ameipatia.

Mwaka 1860 Wilkie Collins alikamilisha The Woman in White, ambamo baroneti anamtaka mkewe asaini hati asiyoruhusiwa kuisoma, kisha anamfungia hospitali ya wendawazimu kwa jina la mwanamke mwingine. Hakuna kasri wala pazia. Sheria iliyowapa wanawake wa Uingereza walioolewa mamlaka kamili juu ya mali zao ilifika mwaka 1882.

Miaka 15 baadaye Bram Stoker akatoa Dracula, na wasomaji wa sasa wanakumbuka meno. Wanasahau kwamba Jonathan Harker alikwenda Transylvania kikazi: ni wakili kijana aliyebeba hati za nyumba ambayo Dracula ananunua karibu na London. Safari hii mfungwa ni mwanamume, tena mwanasheria. Na akiwa tayari ameshatambua kuwa ni mfungwa, mwenyeji wake anamketisha na kumhoji: je, kule Uingereza mtu anaweza kuwa na mawakili wawili au zaidi, kila mmoja na shughuli yake? Harker anamjibu kwa ufasaha, na anaandika katika shajara yake kwamba mteja huyu angekuwa wakili hodari sana.