Safu ya Lugha: Msuli si Mshipa

Anayelalamika kwamba “mishipa ya taya imekaza” baada ya kutafuna muwa hukosea jina la kinachomuuma, kwa kuwa mshipa ni njia ya damu, au ya hisia ukiitwa mshipa wa fahamu, ilhali nyama inayojikunja na kuvuta mfupa ni msuli, neno lililotoholewa kutoka Kiingereza na lisilo na undugu na msuli wa kujifunga kiunoni. Misuli mikuu ya kutafuna ni jozi nne: tatu hufunga kinywa, na ya nne hulivuta mbele taya la chini, ambalo kichwa chake, kilicho mbele ya sikio, kinywa kinapofunguka, kwanza huzunguka ndani ya kishimo chake, kisha huteleza. Ukano, unaoshikiza msuli kwenye mfupa, nao usiitwe mshipa. Neno hilo limekwisha kulemewa, maana hata ngiri huitwa hivyo.